KIZIBUO: kutoka mtutu wa gobore, kupitia kidondani, hadi shingo ya chupa

1/8
Wiki iliyopita tulimaliza historia ya bomba la sindano. Leo tunaingia kwenye kifaa ambacho wengi hamtakitegemea kwenye ukurasa wa nesi: kizibuo, kile cha kutolea kizibo cha gome kwenye chupa ya mvinyo. Najua wengine hamgusi pombe kabisa. Msihofu, leo hatunywi, tunafungua tu. Swali letu ni moja: kitu kimekwama ndani, kimezeeka na kinavunjika ukikigusa. Unakitoaje bila kuharibu kilicho nyuma yake? Wauguzi wenzangu, swali hili mnalijua.

2/8
Tuanze na kizibo chenyewe. Kinatoka kwenye gome la aina ya mwaloni unaoota nchi za Mediterania. Ureno peke yake inatoa karibu nusu ya gome lote la kazi hii duniani. Mti unasubiriwa kama miaka 25 ndipo ubanduliwe mara ya kwanza, halafu unaachwa miaka 9 kabla ya kubanduliwa tena. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliweka kipande chembamba cha gome hilo chini ya hadubini, akaona vyumba vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Akaviita “seli”. Yaani lile neno tunalolitumia kila siku maabara lilizaliwa kwenye kizibo cha chupa!

Vyumba vile vimejaa hewa, ndiyo maana kizibo kinabonyea kisha kinajitanua na kubana kioo. Lakini mpira wowote huchoka. Baada ya miaka 20, 30 au zaidi, upande wa chini umeloa, wa juu umekauka, katikati pamekuwa kama mkate wa jana.

3/8
Zamani hapakuwa na haja ya kifaa. Kizibo kiliachwa kichwa nje, unakishika kwa vidole unavuta. Mambo yalibadilika Uingereza. Mwaka 1615 Mfalme James I alipiga marufuku kuchoma kuni kwenye tanuri za vioo, maana miti ilitakiwa na jeshi la majini. Mafundi wakahamia makaa ya mawe, moto ukawa mkali zaidi, na kioo kikatoka kigumu zaidi. Baadaye chupa zikawa nyembamba, ndefu, za kulazwa ubavu miaka na miaka ili mvinyo ukomae. Chupa ya kulala haiwezi kuwa na kizibo kilichochungulia nje. Kikasukumwa ndani chote. Sasa unakitoaje?

4/8
Jibu lilikuwa tayari kwa askari. Wenye gobore walikuwa na chuma kilichosokotwa kama mkia wa nguruwe, cha kuingiza kwenye mtutu na kuvutia risasi au matambara yaliyokwama. Na kumbe hata matabibu wa vita walikuwa na chao! Kuanzia karne ya 16 kulikuwa na vyombo vyenye parafujo ndani ya mrija. Unauingiza kwenye jeraha hadi uguse risasi ya madini laini ya risasi, unazungusha parafujo iing'ate, unavuta. Parafujo nyingine ilitumika kuinua kipande cha mfupa wa fuvu. Hebu fikiria hayo bila ganzi.

Mwaka 1681 tabibu Nehemiah Grew, akiorodhesha vitu vya makumbusho ya Royal Society huko London, alitaja chuma kilichosokotwa cha kutolea vizibo kama kitu ambacho msomaji wake anakijua tayari.

5/8
Mwaka 1795 mchungaji wa Kiingereza, Samuel Henshall, alipata hataza ya kwanza ya kizibuo nchini humo. Aliongeza kisahani kidogo juu ya parafujo. Parafujo ikiisha kuingia, kisahani kinagota kwenye kizibo, na ukiendelea kuzungusha kizibo chote kinazunguka na kubanduka kwenye kioo. KWANZA bandua, NDIPO uvute. Nesi yeyote aliyewahi kutoa bandeji iliyogandia kidonda anaelewa hekima hiyo.

6/8
Lakini parafujo ina udhaifu: inategemea moyo wa kizibo, na kwenye chupa kuukuu moyo ndio uliooza. Unazungusha, unavuta, kinatoka chuma na unga tu.

Mwaka 1879 Lucian Mumford wa San Francisco alipata hataza ya kifaa kisichotoboa kabisa. Ni mpini wenye mapanga mawili membamba, moja refu kidogo. Unatanguliza lile refu kati ya kizibo na kioo, unafuatisha fupi, unayashusha kwa kuyumbisha huku na huku, kisha unazungusha ukivuta. Nguvu inashika pembeni, palipo imara. Husimuliwa kwamba watumishi wa majumba ya matajiri walikipenda mno: unatoa kizibo bila tundu, unakunywa mvinyo wa bosi, unajaza wa bei rahisi, unarudisha kizibo. Ushahidi hakuna 😂

Nacho kina hatari yake. Kizibo kikilegea sana, mapanga yanakisukuma ndani. Ndiyo maana karne hii vimekuja vinavyounganisha vyote viwili: parafujo inakizuia kisizame, mapanga yanakibeba.

7/8
Na Wareno je? Kwa mvinyo wao mzito wa Porto uliokaa miongo mingi wana njia ya kibabe: usikiguse kizibo, kata shingo! Koleo linachomwa hadi liwe jekundu, linabana shingo chini ya kizibo kwa muda mfupi, kisha kitambaa chenye maji baridi kinapita palepale. Kioo kinapasuka mduara, shingo inatoka na kizibo chake ndani.

Hapo kila nesi ameshaona AMPULI. Mfamasia Mfaransa Stanislas Limousin aliitambulisha mwaka 1886, na wazo ni lilelile: achana na kizibo, vunja shingo. Faida na hatari zinafanana pia. Hata mkato msafi unaweza kudondosha chembe za kioo. Mvinyo unachujwa, dawa nayo ivutwe kwa sindano ya kichungi inapopatikana, ampuli ikivunjwa kwa pamba au shashi kulinda vidole. Na kichupa chenye kizibo cha mpira kina ugonjwa wa parafujo: sindano nene ikichomwa ovyo inaweza kumega kipande cha mpira kikaingia kwenye dawa. Kabla ya kumchoma mgonjwa, inua kwenye mwanga uangalie.

8/8
Tumalizie na lugha yetu. “Parafujo” na “mvinyo” zote tulizipata kwa Wareno hao hao wa magome. Lakini jina la kifaa tulilitunga wenyewe: ziba, kizibo, zibua, kizibuo.

Na huko Australia, kampuni ya Penfolds tangu 1991 huendesha “kliniki” za chupa zenye miaka 15 na kuendelea. Chupa inakaguliwa, na ikihitaji inafunguliwa, inaonjwa, inaongezwa kidogo na kuwekewa kizibo kipya. Yaani badala ya kungoja kizibo kife ndani, kinabadilishwa mapema. Sisi kwenye mipira ya mkojo na kanula tunafanya hivyo hivyo: kilichopangiwa siku ya kutoka, kitolewe siku yake, kingali kinatoka kwa upole.

Wiki ijayo: historia ya pini ya usalama. Usiku mwema, na walio zamu, Mungu awatie nguvu.