Barua ya John Adams Iliyonaswa Njiani

Mwezi Julai 1775, wajumbe wa makoloni ya Marekani waliokutana Philadelphia walikuwa na ndimi mbili. Tarehe 8 walitia saini ombi la amani kwa Mfalme George wa Tatu, lililopiganiwa na John Dickinson wa Pennsylvania, ilhali jeshi lao lilikwisha kuuzingira mji wa Boston.

John Adams wa Massachusetts alitia saini pia, lakini kwa shingo upande. Tarehe 24 alimwandikia rafiki yake James Warren, kiongozi mwenzake wa Massachusetts, akimdhihaki Dickinson, bila kumtaja jina, kuwa ni tajiri mwenye akili finyu aliyeitia upumbavu kazi yao yote. Wakati huo, alisema, ilifaa wawe na serikali yao na jeshi la majini.

Mchukuzi wa barua hiyo, mwanasheria kijana Benjamin Hichborn, alikamatwa na Waingereza akivuka ghuba ya Narragansett. Kwa nini hakuitupa baharini? Mwezi Agosti ilichapishwa gazetini Boston ili kumwaibisha mwandishi wake. Aibu aliipata: tarehe 16 Septemba alimvulia Dickinson kofia barabarani, naye akapita kimya. Hata hivyo, wazo la kujitawala, lililokuwa likinong'onwa, sasa lilisomwa na kila mtu.

Uhuru ulipopigiwa kura tarehe 2 Julai 1776, Dickinson alijiweka kando. Mwezi huohuo aliongoza wanamgambo wa Pennsylvania kwenda kuutetea.