Muyaka na Masikio ya Mvita

Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilibaki vinywani mwa watu wa Mvita, na humo ndimo Mwalimu Sikujua alimoziokota miongo kadhaa baadaye, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani ilipochapishwa na Hichens mwaka 1940, karne nzima ilikuwa imepita.

Jiulize, msomaji: ni hotuba gani ya mwaka jana unayoikumbuka?

Tungo zile zilijengwa kwa ajili ya sikio. Mshororo una mizani 16, umekatwa katikati, kila kipande mizani 8. Kina cha ukwapi chamwandaa msikilizaji, cha utao chamtuliza, na kituo champa la kwenda nalo nyumbani. Nasi twasimama jukwaani tukisoma karatasi mbio mbio, macho chini. Mimi nami nimefanya hivyo, na waliokaa mbele wakaanza kuulizana saa ya boti.

Hata hivyo kalamu ya Sikujua iliokoa maneno tu. Wapi Muyaka alisita, wapi alipaza sauti, karatasi haisemi. Nizisomapo kwa sauti nakisia, na kila mara nakisia vingine.