Chokaa, Chumvi na Ufagio wa Chelewa

Mimi ni mwashi, na nikifika kwenye magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, hutazama sakafu kabla ya makaburi. Msikiti wa pale, wa karne ya 13, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilitoka baharini: matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe, yakamwagiwa maji yakafumuka kuwa unga. Ukiiharakisha kukauka, inapasuka. Wajerumani walipojenga Boma la Bagamoyo mwaka 1897, mawe yalikuwa hayohayo.

Siku hizi nyua zinatandikwa matofali ya pevingi, na wateja huniita masika yakiisha, ukungu wa kijani umetanda upande wa kivulini. Naanza na maji na ufagio wa chelewa, ule mgumu uliokatwa mfupi. Majani ya viungioni nayang'oa na mizizi yake kwa kisu kikuukuu, halafu najaza mchanga wa mto. Wa pwani hapana, hata ukiwa wa bure! Chumvi yake hupanda na unyevu ikaacha madoa meupe juu ya tofali.

Chumvi kama hiyo ndiyo inayomega kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilizopigwa plasta ya saruji. Chokaa iliuacha ukuta upumue. Saruji hufungia maji ndani, jiwe likamomonyoka nyuma yake taratibu. Kwa hiyo mteja akininunulia saruji ya kuziba viungio vya uani, namwambia airudishe dukani.