Kusoma Kabla ya Kuandika: Mwandiko wa Kuunga Herufi kwa Watoto wa Bukoba na Muleba

Historia ya elimu ya Buhaya imezoea kuhesabu kusoma na kuandika kuwa jambo moja. Insha hii inadai kwamba stadi hizo zilipita njia mbili, na kwamba tofauti hiyo hudhihirika katika mwandiko wa kuunga herufi.

Mwaka 1892 Mapadri Weupe, wakikimbia vita vya Buganda, walianzisha misheni ya Kashozi karibu na Bukoba. Walitoka katika nchi ambamo Wakristo waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Jina hilo ni ushahidi: mwongofu alitambulishwa kwa kusoma, wala katekisimu iliweza kusomwa na mtu asiyewahi kushika kalamu.

Kalamu ilidaiwa kwingineko. Katika Seminari ya Rubya, wilayani Muleba ya leo, iliyoanzishwa mwaka 1904, vijana waliandaliwa kwa upadri kwa masomo yaliyohitaji kuandika. Utawala wa Kijerumani nao ulihitaji makarani wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Francis Xavier Lwamgira, aliyekuwa katibu chini ya tawala za kikoloni na ambaye historia yake ya Kiziba ilichapishwa kwa Kihaya mwaka 1949, anaonyesha jinsi kalamu ya ofisini ilivyoweza kuhifadhi kumbukumbu za jamii.

Kwa mtoto anayeanza, kuitambua herufi hakumfundishi mkono mwendo wake. Herufi ndogo a, d na g huanza kwa mviringo uleule unaoelekea kushoto. M na n hujengwa kwa matao. Kiungo kinachotoka kwenye a huanzia chini, mstarini. Kinachotoka kwenye o huanzia juu. Kwa sababu hiyo silabi, ambayo ndiyo msingi wa kufundishia kusoma Kiswahili, inafaa pia kuwa kipimo cha zoezi la mwandiko: mtoto anayerudia ma na mo huzoeza herufi pamoja na kiungo chake.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015, uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulidai kuandika kwa kila mtoto, si kwa mseminari na karani pekee. Kwa mtafiti, funzo ni hili: idadi ya wasomaji wa misheni haiwezi kuchukuliwa kuwa idadi ya waandishi. Anayeziunganisha huwahesabia watu ustadi ambao huenda hawakufundishwa kamwe.