Sura na Uovu katika Ngano za Nchi ya Wamakonde

Katika ngano za Kiswahili msikilizaji haachwi katika shaka muda mrefu. Zimwi huja na jicho moja, au mguu mmoja, au vichwa saba, na mtoto aketiye kando ya moto humjua adui kabla adui hajatenda neno. Desturi hii si ya pwani peke yake. Mwaka 1876 Cesare Lombroso, tabibu wa Italia, alitoa kitabu akidai kuwa mhalifu huzaliwa na alama za uhalifu mwilini. Mwaka 1913 Charles Goring, baada ya kuwapima wafungwa wa Uingereza wapatao 3,000, alionyesha kuwa dai hilo halina msingi. Hata hivyo swali lenyewe ni la kale: je, sura yaweza kuwa shahidi wa moyo?

Nchi ya Nanyamba, iliyo juu ya uwanda wa Makonde kusini-magharibi ya Mtwara, haikosi la kujibu. Hadithi ya asili ya Wamakonde, iliyoandikwa zamani za utawala wa Wajerumani, yaeleza habari za kiumbe aliyekaa porini peke yake, hanyoi wala haogi. Kwa kanuni ya ngano, huyo angalikuwa zimwi. Kumbe sivyo. Alichonga mfano wa mtu kwa mti, akausimamisha, na usiku mfano ukawa mwanamke. Watoto wao wawili wa kwanza, waliozaliwa mabondeni karibu na mito, hawakuishi. Wa tatu, aliyezaliwa juu uwandani, akaishi. Basi mwenye sura ya kutisha ndiye babu wa kabila.

Kinyume chake ni ngano ijulikanayo kotekote Afrika ya Mashariki, ya msichana aliyewakataa wachumba wote wenye kovu. Akaja kijana asiye na doa, akaolewa naye, na huyo ndiye aliyekuwa zimwi. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, aliwageuza ndugu wawili wahalifu kuwa manyani. Lakini umbo la mnyama lilikuja baada ya tendo, kama hukumu, wala si kabla yake, kama dalili.

Kwa Wamakonde jambo hili halikuwa la ngano tu. Karl Weule wa Leipzig, aliyezuru uwanda huo mwaka 1906, aliandika habari za chale za usoni na za ndonya ya mdomo wa juu. Kwa wenyewe, hayo yalikuwa pambo na nembo ya ukoo wa mtu na kwao. Katika miji ya pwani, alama zile zile zilihesabiwa ushenzi, na waliozivaa wakaogopwa au wakachekwa. Uso haukubadilika, aliyebadilika ni mtazamaji.

Jando la Wamakonde lilikuwa na somo juu ya hofu hiyo. Katika ngoma ya vinyago, iitwayo midimu, na ng'ambo ya Ruvuma mapiko, hutokea mchezaji mwenye uso wa mti, na watoto wasiotiwa jandoni huambiwa kuwa ni mzuka. Mwari akiisha kuingizwa, huonyeshwa siri: nyuma ya uso ule yumo mtu wa kijiji chake. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Kinyago chaupindua usemi huo: nje kipande cha mti, ndani binadamu.

Asiyefunuliwa siri hii aweza kumwaga damu. Katika Usukuma, tangu miaka ya 1970, vikongwe wengi waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na dalili iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Wekundu huo ulikuwa na sababu iliyo wazi: miaka mingi ya moshi wa jikoni, hasa mahali ambapo kuni zimekwisha na mavi ya ng'ombe huwashwa badala yake. Wanawake hao walipikia watoto na wajukuu zao, na alama ya kazi yao ikasomwa kuwa alama ya uovu.

Mtambaji wa ngano hawezi kulaumiwa kwa kulipa zimwi jicho moja, maana usiku ni mfupi na watoto wana usingizi. Lakini jamii iliyotamba habari za zimwi wa sura mbaya ilitamba pia habari za mchumba asiye na kovu, na za babu asiyeoga. Anayezisimulia ngano hizi leo, shuleni au nyumbani, hana budi kuzisimulia zote tatu.