Mkoba wa Mama Mmoja: Waigizaji na Wahakiki wa The Apartment

Filamu ya Billy Wilder, The Apartment (1960), ni tanzia-ramsa ya mapenzi iliyowagawa wahakiki tangu siku zake za kwanza. Bosley Crowther wa New York Times aliisifu. Hollis Alpert wa Saturday Review aliiona kuwa hekaya chafu. Kwa maoni yangu, uchafu aliouona Alpert na upole uliompendeza Crowther vina chanzo kimoja, nacho si kisa. Ni sura za watu waliopewa kisa hicho wakibebe.

Kisa chenyewe ni kibaya kweli. C.C. Baxter, karani wa kampuni ya bima mjini New York, huwaazima wakubwa wake ufunguo wa nyumba yake wakutane humo na vimada, naye hulipwa kwa kupandishwa cheo. Tukiwa wakali, Baxter ni kuwadi. Lakini kuwadi huyu ni Jack Lemmon, aliyekuwa amewavunja watu mbavu mwaka uliotangulia katika Some Like It Hot. Anapiga chafya, anachuja tambi kwa raketi ya tenisi, na tunajikuta tumeshamsamehe kabla hatujapima kosa. Watazamaji wa vibanda vya video husema steringi hafi. Hapa hatari ya steringi ni kudharaulika, na Lemmon anaikwepa kwa mafua tu.

Kwa Sheldrake, mkurugenzi anayemhadaa mwendesha lifti Fran Kubelik, mambo yaligeuka kinyume. Nafasi hiyo ilikuwa ya Paul Douglas, aliyefariki Septemba 1959. Wilder akamwendea Fred MacMurray. Aliwahi kumfanya muuaji katika Double Indemnity (1944), ila kufikia wakati huu familia za Marekani zilimjua zaidi kama baba mpole wa The Shaggy Dog, filamu ya Disney. Usiku wa kuamkia Krismasi Sheldrake anampa Fran noti ya dola 100 iwe zawadi, na MacMurray anaitoa kama mzazi ampaye mtoto hela ya peremende. Ubaya wote umo katika ule wema wa mkono. Muda mfupi baadaye Fran anameza vidonge vya usingizi.

MacMurray alisimulia kwamba baadaye mama mmoja alimvamia hadharani na kumpiga kwa mkoba kwa kuigiza uchafu ule. Kwangu mimi, huyo mama ni mhakiki makini kuliko wengi walioandika: alijua aliyemuudhi ni nani, na kwa nini ni yeye. Mwovu wa kawaida asingemtoa mkoba begani.

Shirley MacLaine alitunukiwa kwenye tamasha la filamu la Venice kwa uigizaji wake wa Fran, mwanamke anayejua anadanganywa na bado anakwenda. Kwenye Oscar, filamu iliteuliwa mara 10 ikapata 5: filamu bora, uongozaji, muswada, uhariri na usanifu wa mandhari. Lemmon, MacLaine na Jack Kruschen, aliyeigiza daktari jirani, waliteuliwa wakaondoka mikono mitupu. MacMurray hakuteuliwa kabisa.