Ziwa Lililopotea Ndani ya hv201

Leo tuache kidogo mambo ya simu na programu mpya, tuzungumze historia. Msikimbie lakini, kompyuta imo ndani.

Tuanze na swali moja: kwenye ufuo wetu wa Ziwa Victoria, kutoka Usenge kupitia Dunga hadi Mbita, ni watu wangapi wanaokunywa maji ya ziwa lenyewe? Swali hili lina uzito wake. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, zaidi ya watu 14,000 walilazwa hospitalini mkoani Nyanza kwa sababu ya kipindupindu, na zaidi ya 500 walifariki. Watafiti waliochunguza mlipuko ule waliona kwamba kunywa maji ya Ziwa Victoria ni mojawapo ya mambo yaliyoambatana na kuugua. Kwa hiyo anayepanga kuleta mfereji au dawa ya kutibu maji anahitaji jibu.

Ukiuliza, utaambiwa data iko kwenye mtandao. Ni kweli. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya, maarufu kama DHS, umefanyika Kenya mwaka 1989, 1993, 1998, 2003, 2008-09, 2014 na 2022. Kila swali kwenye hojaji huwa kigeu, yaani safu moja ya majibu kwenye jedwali. Kazi ni kukipata kigeu chako kati ya mamia.

Unaandika "lake" kwenye kisanduku cha kutafutia majina ya vigeu. Hupati kitu. Kigeu cha maji ya kunywa kinaitwa hv201. Kwa nini jina la ajabu hivyo? Majina haya yalizaliwa zama ambazo programu za takwimu kama SPSS zilikubali herufi 8 tu kwa kila jina. DHS wakaamua hv iwe ya kaya, v ya wanawake, mv ya wanaume, kisha namba. Kompyuta zimekua, majina yamebaki vilevile.

Haya, umekipata hv201. Fungua orodha ya majibu yake. Hojaji ya mfano ya DHS ya miaka ya 1990 iliweka mto peke yake, na ziwa pamoja na kidimbwi. Halafu mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa maswali ya pamoja kuhusu maji, ili nchi zote ziweze kulinganishwa. Nia ilikuwa njema. Lakini mto, bwawa, ziwa, kidimbwi na mfereji wa kumwagilia shamba vyote viliingizwa kwenye jibu moja, ambalo kwenye faili za DHS lina msimbo 43. Mama wa Dunga anayechota ziwani na mama wa Kisii anayechota kijitoni sasa wana namba moja.

Basi tuwatenganishe kwa mahali, si ndiyo? Hapo nako kuna historia. Hadi 2008-09, kigeu hv024 kilionyesha mikoa tu. Mkoa wa Nyanza ulijumuisha Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, pamoja na milima ya Kisii na Nyamira iliyo mbali na ziwa. Wastani wa Nyanza ulificha mengi. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2018 ulipotoa takwimu kwa kaunti, maambukizi Homa Bay yalikuwa karibu asilimia 20, na Kisii karibu 6.

Kaunti 47 zilitokana na Katiba ya 2010. Mwaka 2014 DHS ikahesabu kwa kaunti, ila hv024 ikabaki na mikoa ya zamani, na kaunti ikawekwa kwenye kigeu kingine, shcounty. Herufi s huashiria swali la nchi husika. Asiyejua hilo atafunga faili akidhani Kisumu haimo. Na ukitumia ramani, kumbuka kwamba nukta za vijiji husogezwa makusudi ili kulinda siri za watu, hadi kilomita 5 mashambani na pengine 10. Huwezi kupima nani yuko mita 500 kutoka ufuoni.

Je, tukate tamaa? Hapana. Geukia sensa. Sensa ya 2009 iliweka ziwa kama jibu la peke yake, mbali na kijito na kidimbwi. (Hata neno letu la pwani, jabia, limo!) Lakini hapo pia "lake" imo kwenye majibu, haimo kwenye jina la kigeu. Hifadhi nyingi za takwimu za serikali hutumia programu iitwayo NADA, na ndani yake unaweza kuchagua kutafuta kwenye jina, maelezo, swali au majibu. Chagua majibu. Pia kumbuka mipaka: sensa ya 1999 iliihesabu Nyando kando na Kisumu, na leo zote ni kaunti moja.

Neno la mwisho. Februari 2025 Marekani ilipokata fedha za USAID, mradi wa DHS ulisimama, na kwa muda watafiti wapya hawakuweza kuidhinishwa kupakua data. Kwa hiyo ukiruhusiwa kuchukua faili, chukua na hojaji na orodha ya misimbo, uzihifadhi pamoja. Bila hizo, 43 ni namba tu, na hakuna atakayejua kwamba ndani yake mlikuwa na ziwa.

Haya, nendeni mkatafute. Mkipata jibu la Usenge, nijulisheni.